Kutafuta Ukoo na Ndugu wa Serbia Ukiwa Ughaibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu walio mbali na Serbia: aliyeoa au kuolewa Chicago, Toronto au Vienna katika familia yenye jina linaloishia na -ić, mjukuu aliyekuta barua za babu zimefungwa kwa uzi, au mtu wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye baba yake alisoma Belgrade na hakuwahi kueleza yote. Jambo moja litajirudia karibu katika kila jibu: kitafute kijiji kwanza. Jina la ukoo bila kijiji litakuzungusha bure.

Nina jina la ukoo tu. Linatosha kuanzia?

Halitoshi. Jovanović, Petrović, Nikolić na Marković wamejaa nchi nzima, na wengi wao hawana undugu wowote. Majina hayo yametokana na jina la baba. Katika Utawala wa Serbia, hadi katikati ya karne ya 19, watu wengi wa vijijini hawakuwa na jina la kudumu: mtoto wa Petar aliitwa Petrović, na huyo akiwa ni Marko, watoto wake wakaitwa Marković. Sisi tunaojua kwamba Ali Juma akimzaa Hamisi, mtoto huitwa Hamisi Ali, hatuna cha kushangaa hapo. Mwaka 1851 serikali iliagiza kila nyumba ishike jina moja, lakini agizo lilichukua muda kushika. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuacha vizazi vyenye majina mawili tofauti, huku majirani wenye jina moja wakiwa si ndugu kabisa.

Kwa Waserbia waliokuwa chini ya Austria majina yalitulia mapema zaidi. Huko jina linasaidia kidogo, ila bado si mbadala wa kijiji.

Nitakijuaje kijiji?

Anza na karatasi za nchi aliyohamia, siyo za Serbia. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka ya kuandikia Belgrade.

Kwa aliyekwenda Marekani, tafuta maombi yake ya uraia. Fomu zilizotumika baada ya Septemba 1906 huuliza mahali pa kuzaliwa, wakati za kabla ya hapo mara nyingi hutaja nchi tu. Orodha za abiria wa meli kuanzia 1907 ni hazina, kwa kuwa kila mhamiaji alitakiwa kumtaja ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani, pamoja na mahali anapoishi. Mstari huo mmoja unaweza kukupa jina la baba na la kijiji kwa pamoja. Kadi za kujiandikisha jeshini za 1917 na 1918 nazo zina habari.

Halafu tafuta parokia. Kanisa la kwanza la Kiorthodoksi la Waserbia Marekani ni la Mtakatifu Sava, Jackson, California, la mwaka 1894, mahali ambapo Waserbia wengi walichimba dhahabu. Baadaye zikaja parokia za miji ya chuma na makaa ya mawe: Pittsburgh na viunga vyake, Gary, Cleveland, Milwaukee, Chicago. Padri aliyembatiza mtoto aliandika wazazi wametoka wapi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikijua kile kijiji au kingine cha jirani. Vyama vya kusaidiana navyo, kama Serb National Federation ya Pittsburgh iliyoanza 1901, viliweka kumbukumbu za bima za wanachama wao, na gazeti la *Amerikanski Srbobran* lilichapisha tanzia zenye kutaja kijiji, wilaya, na hata waliobaki.

Usidharau jiwe la kaburi. Waserbia wa ughaibuni walipenda kuchonga mahali walipotoka, kwa herufi za Kikirili, hata pale watoto wao waliposhindwa kuzisoma. Piga picha hata kama huelewi kilichoandikwa. Kuna mtu ataisoma.

Karatasi zinasema babu alikuwa Mwaustria, nyingine zinasema Mhungaria. Je, si Mserbia?

Huenda ni Mserbia sawasawa. Wengi wa wahamiaji wa zamani hawakutoka katika Ufalme wa Serbia. Walitoka Lika, Kordun, Banija, Dalmatia, Herzegovina, Ghuba ya Kotor, Montenegro, na nchi tambarare za Bačka, Banat na Srem ambazo leo ni Vojvodina. Sehemu kubwa ya hizo zilikuwa chini ya Austria-Hungaria hadi 1918, na karani wa bandari aliandika dola, siyo kabila. Nikola Tesla alizaliwa 1856 Smiljan, Lika, ambako sasa ni Kroatia, na baba yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi wa Kiserbia. Mihajlo Pupin alizaliwa Idvor, Banat, na alipofika New York mwaka 1874 alikuwa raia wa Austria-Hungaria. Idvor leo iko Serbia.

Hii si historia ya kupendezesha tu. Inaamua uandikie nchi gani. Nyaraka za familia ya Lika utazitafuta Kroatia, za Herzegovina utazitafuta Bosnia na Herzegovina, na Belgrade haitakuwa na la kukusaidia.

Ni kweli jina la familia lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York?

Hadithi hiyo ipo katika karibu kila familia, na karibu kila mara si kweli. Makarani wa Ellis Island walifanya kazi wakiwa na orodha iliyokwisha kuandikwa kule meli ilikotoka. Jina liliharibika mapema, Hamburg, Bremen, Trieste au Fiume, au baadaye kiwandani na shuleni. Mwandishi wa Kihungaria aliandika Petrovits, tena akatanguliza jina la ukoo. Mjerumani aliandika Petrowitsch. Marekani akawa Petrovich. Đorđević ameonekana kama Djordjevic, Georgevich, hata George peke yake.

Basi ukitafuta kwenye hifadhidata, jaribu masikio kuliko macho. J ya Kiserbia husikika kama y yetu, kwa hiyo Jovan atakuwa Yovan, na huenda Ivan au John. Š ni sh, c isiyo na alama ni ts, nazo č na ć zote mbili zinakaribia ch.

Slava ni nini, na kwa nini kila mtafiti ananiuliza?

Ni sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba, na ndicho kidokezo bora ulicho nacho baada ya kijiji. Karibu kila familia ya Waserbia wa Kiorthodoksi ina mtakatifu wake, anayerithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Mke huchukua slava ya nyumba aliyoolewa. Jina la ukoo huweza kubadilika mara tatu, slava ikabaki. Watu wawili wenye jina moja, wa eneo moja, lakini wenye slava tofauti, yaelekea si wa ukoo mmoja. Majina tofauti lakini slava moja katika kijiji kimoja? Hapo chimba.

Tatizo ni kwamba Mtakatifu Nikola, tarehe 19 Desemba, anaadhimishwa na familia nyingi mno, kwa hiyo peke yake hathibitishi kitu. Wengine wa kawaida ni Mtakatifu Georgi (6 Mei), Malaika Mkuu Mikaeli (21 Novemba), Mtakatifu Demetrio (8 Novemba) na Yohane Mbatizaji (20 Januari). Ukikuta slava adimu, shukuru.

Bibi akisema "sisi hatukuwa na dini", muulize kama kulikuwa na siku moja kila mwaka ambapo wageni walikuja bila kualikwa na wakala ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari. Mara nyingi wakati wa ukomunisti sikukuu iliendelea, ikaitwa chakula cha jioni tu. Tahadhari moja: mwanamume aliyehamia kwa wakwe zake aliweza kuchukua slava ya nyumba ile, na hapo mstari hukatika bila kelele.

Rejesta za kuzaliwa, ndoa na vifo ziko wapi?

Inategemea mwaka na mahali.

Serbia ya kati haikuwa na usajili wa kiserikali hadi 1946. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa, na katika Utawala wa Serbia vilianza kuandikwa kwa utaratibu miaka ya 1830. Vojvodina ilikuwa sehemu ya Hungaria, kwa hiyo usajili wa serikali unaanzia Oktoba 1895, kwa Kihungaria, na majina ya watoto yamegeuzwa: Đorđe ameandikwa György. Nyuma ya mwaka huo, vitabu vya kanisa vya upande ule vinaweza kufika karne ya 18.

Baada ya vita vya pili serikali ilichukua vitabu vingi vya kanisa na kuviweka kwa msajili wa manispaa, yaani matičar. Vilivyozeeka huhamishiwa hifadhi ya nyaraka ya eneo: Čačak, Šabac, Užice, Pančevo na kwingineko zina hifadhi zao. Kwa hiyo mlolongo ni huu: muulize msajili wa manispaa ambayo kijiji kimo, kisha hifadhi ya eneo, kisha padri wa parokia. Padri huenda akawa na kitabu cha kaya kinachoorodhesha waliomo katika kila nyumba, na slava yao. Hicho kikipatikana, umeokoa miezi.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, Hifadhi ya Taifa ya Serbia, Belgrade, ina sensa ya 1862 na 1863. Si ya vijiji vyote, lakini palipobaki inataja watu wa kaya, umri wao na mali zao. Pia kuna kazi ya Jovan Cvijić, mwanajiografia wa Loznica, na wanafunzi wake, ambayo ilianza kuchapishwa 1902 na Chuo cha Sayansi cha Kifalme. Walizunguka kijiji kwa kijiji wakiandika kila ukoo ulitoka wapi na una slava gani. Walitegemea kumbukumbu za wazee, basi usiichukue kama hati ya mahakama, ila kama kijiji chako kimo, soma hiyo kabla ya kitu kingine.

Mtandaoni kuna kidogo kwa Serbia. Vitabu vya kanisa vya Kroatia vimepigwa picha kwa wingi na vinaonekana kwenye tovuti ya FamilySearch. Wa Lika na Kordun wana nafuu hapo. Kuna pia pengo ambalo haliwezi kuzibwa: makanisa mengi ya Waserbia yaliteketezwa 1941 na kuendelea katika dola la Ustaše, wafashisti wa Kikroati, pamoja na vitabu vyake.

Msajili atanipa cheti cha babu nikiomba tu?

Vyeti hutolewa kwa mhusika, ndugu wa karibu na mwenye maslahi ya kisheria. Ambatanisha nakala zinazokuunganisha naye, kizazi kwa kizazi. Andika kwa Kiserbia, kifupi, jambo moja kwa barua moja: jina, jina la baba, kijiji, mwaka wa kukisia. Ubalozi wa Serbia ulio karibu nawe unaweza kupokea ombi lako. Omba nakala yenye lugha nyingi, ile ya kimataifa, uepuke gharama ya mtafsiri.

Mbona tarehe ya kuzaliwa ya kanisani hailingani na ya pasipoti?

Kanisa la Serbia linatumia kalenda ya Juliani, ile ya zamani iliyo nyuma ya yetu, na serikali nayo iliitumia hadi Januari 1919. Kwa tarehe za karne ya 19 ongeza siku 12. Kuanzia Machi 1900, ongeza 13. Aliyeandikwa 25 Desemba 1895, kwa kalenda yetu alizaliwa 6 Januari 1896, hivyo hata mwaka hubadilika. Vitabu vingine vina tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kubatizwa, na familia ikakumbuka moja wapo. Tofauti ya siku chache isikutoe kwenye mtu sahihi.

Nimekipata kijiji, lakini jina letu halipo tena. Wamekwenda wapi?

Hapa panataka subira, kwa kuwa Waserbia wamehamishwa na historia mara nyingi.

Kwanza angalia jina la mahali lenyewe. Zrenjanin iliitwa Petrovgrad kati ya 1935 na 1946, na kabla yake Veliki Bečkerek. Užice ilikuwa Titovo Užice hadi 1992. Mitrovica ziko mbili zinazojulikana, ya Srem na ya Kosovo.

Pili, kati ya 1945 na 1948 serikali mpya ilihamisha maelfu ya familia kutoka Lika, Bosnia, Herzegovina na Montenegro hadi Vojvodina, kwenye nyumba za Wajerumani waliokuwa wamekimbia au kufukuzwa. Walisafiri kijiji kizima kwa treni moja. Watu wa Lika wengi wako Apatin. Wamontenegro waliopelekwa Sekić wakabadili jina la mji, sasa ni Lovćenac. Ukikuta Lika pamebaki magofu, usiseme ukoo umekwisha. Uliza kijiji kile kilipelekwa wapi, kisha tafuta huko.

Tatu, Agosti 1995 Waserbia wa Krajina, wanaokadiriwa kufika 200,000, walikimbia Kroatia, na wengi wamebaki Serbia. Na kwa Kosovo, rejesta zilihamishwa 1999: za Priština utaziomba Niš, za Prizren utaziomba Kruševac.

Barua zilikoma ghafla miaka ya 1940. Kwa nini?

Sababu za kawaida ni mbili: kifo na woga. Aprili 1941 wanajeshi wengi wa Yugoslavia walichukuliwa mateka Ujerumani. Vita vilipokwisha, waliokuwa upande wa mfalme hawakurudi. Walikaa kambi za wakimbizi, kisha wakaenda Uingereza, Marekani, Kanada au Australia. Kumwandikia ndugu aliyebaki kulimtia matatani, na kupokea barua kutoka ng'ambo kulitiliwa shaka, hasa miaka ya mwanzo ya Tito. Wengine waliishi na jina jingine hadi kufa. Wengine waliacha mke nyumbani wakaoa upya, na hilo ndilo jambo ambalo wazee hulizungukazunguka wasiliseme. Liulize kwa adabu, siku nyingine tena.

Kwa mateka, vibarua wa kulazimishwa na wakimbizi wa kambini, andikia Arolsen Archives, Bad Arolsen, Ujerumani; utafutaji ni bure. Kwa waliouawa Jasenovac, kambi ya mauaji ya Ustaše, jumba la kumbukumbu la pale lina orodha ya majina inayoweza kutafutwa. Ikiwa lengo ni kumpata ndugu aliye hai aliyetenganishwa na vita, Msalaba Mwekundu wa nchi unayoishi hupeleka ombi kwa ule wa Serbia, na ni njia ambayo watu huisahau wakakimbilia kulipa mawakala.

Waliopotea katika vita vya miaka ya 1990 ni suala jingine kabisa. Takriban watu 40,000 walitoweka katika Yugoslavia ya zamani na sehemu kubwa wameshatambuliwa, wengi kwa sampuli za damu za jamaa zao. Kama wewe ni ndugu wa damu na hujatoa sampuli, wasiliana na Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea, ICMP.

Baba wa bibi alikufa vita vya kwanza, "Afrika". Inawezekana?

Inawezekana sana. Baada ya jeshi la Serbia kuvuka milima ya Albania majira ya baridi ya 1915, maelfu ya wagonjwa na majeruhi walipelekwa Bizerte na hospitali nyingine za Afrika Kaskazini iliyokuwa ya Wafaransa. Waliofariki wana makaburi Tunisia, likiwemo lile la Menzel Bourguiba. Wengine wako kisiwa cha Vido karibu na Corfu, ambako maiti nyingi zilizikwa baharini, na makaburi ya Zejtinlik, Thessaloniki. Waliotekwa na Austria huenda walifia kambini, kama Mauthausen au Jindřichovice. Hifadhi ya Jeshi iko Belgrade.

Baba yangu alisoma Yugoslavia. Huenda nina ndugu huko. Nifanyeje?

Baada ya mkutano wa nchi zisizofungamana uliofanyika Belgrade Septemba 1961, wanafunzi wengi wa Kiafrika walikwenda kusoma Yugoslavia. Hakikisha kwanza ni mji gani: wazee husema "Belgrade" hata kama walisoma Zagreb, Ljubljana au Sarajevo, ambazo sasa ni nchi nyingine. Vyuo vikuu huweka kumbukumbu za wanafunzi wao, na cheti cha baba kina jina la kitivo.

Kinachoamua ni jina la mama wa mtoto. Kama hawakuoana na baba hakumkiri mtoto rasmi, nafasi ya baba kwenye rejesta huenda iko tupu, na msajili hatakupa habari za mtu aliye hai usiye na uthibitisho wa undugu naye. Kwa kesi hizi kipimo cha DNA kimewasaidia wengi kuliko ofisi. Na ukimpata, kumbuka kwamba yeye hakukutafuta. Huenda hajawahi hata kuambiwa.

Nimempata ndugu. Nimwandikie nini?

Tuma picha ya zamani, mti mfupi wa ukoo, na sentensi moja ya wazi: hudai urithi wala ardhi. Usione haya kuiandika. Tangu sheria ya kurejesha mali zilizotaifishwa ipite 2011, mgeni anayeibuka na jina la ukoo huwatia watu wasiwasi kabla hawajafurahi.

Barua za zamani zisome kwa makini. Stric ni baba mkubwa au baba mdogo, ujak ni mjomba, lakini tetka ni shangazi na pia mama mkubwa au mdogo. "Kaka" huweza kuwa mtoto wa baba mdogo, kama kwetu. Kum, baba wa ubatizo au msimamizi wa ndoa, si wa damu, ila huhesabiwa ndugu na mara nyingi familia yake ndiyo inayojua waliko wenzako. Na kama hakuna anayejibu barua, jaribu kundi la Facebook la kijiji. Kisha zungumzeni kwa Viber, ndiyo wanayoitumia.

Kipimo cha DNA kitaniambia kama mimi ni Mserbia?

Hapana. Asilimia zile haziwezi kumtenganisha Mserbia na Mkroati au Mbosnia. Kinachofaa ni orodha ya watu mnaoshabihiana, na kwa mstari wa baba kwa mwana, kipimo cha kromosomu Y. Chama cha Poreklo cha Belgrade huendesha mradi wa DNA unaolinganisha matokeo na kijiji pamoja na slava, na hapo ndipo kipimo kinapopata maana.

Je, kitukuu anaweza kupata uraia wa Serbia?

Sheria ya uraia ya 2004, kifungu cha 18, inawaruhusu wahamiaji na vizazi vyao kuomba bila kuacha uraia mwingine. Kifungu cha 23 kinahusu wa taifa la Kiserbia hata kama babu hakutoka katika mipaka ya leo. Kagua kwanza sheria ya nchi yako, maana kwa Mtanzania mtu mzima uraia wa pili unaweza kukugharimu wa kwanza.

Nikisafiri, nianzie wapi?

Makaburini, asubuhi, kabla ya ofisi. Piga picha mawe yote ya jina lako na ya majirani zake, maana wakwe huzikwa karibu. Soma matangazo ya vifo yanayobandikwa kwenye nguzo na milango, yenye picha na majina ya wafiwa. Tanzia za gazeti la *Politika* nazo hufanya kazi hiyo kwa miaka ya nyuma. Kisha nenda dukani, ununue kitu, useme jina la ukoo na la kijiji kwa sauti. Ukialikwa ndani, utaletewa kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari na glasi ya maji, halafu kahawa na rakija, pombe kali ya matunda. Usitoe daftari hadi kahawa iishe.